Simba Aliyekula Punda wa Nasieku

Jumapili ile nje ya kanisa mlinizunguka kama nyuki. Kabla sijamjibu Mama Sulle, Mama Margwe ameshauliza jingine, na huyu wa nyuma anavuta kanga anataka nianze upya. Nikasema basi, nitaandika, msome kwenye jumuiya mkiwa mmekaa. Shule yangu iliishia darasa la tatu, mnalijua hilo, lakini kalamu siiogopi. Na majina ya watu sisahau. Nikishamwuliza mtu jina lake, limekaa.

Vero mnamjua, mtoto wa marehemu binti yangu Anjela, niliyemlea mwenyewe hapa Karatu. Kazi yake siku hizi ni kuzunguka vijijini kuwaeleza watu habari za wanyama wa porini: namna ya kulinda mifugo, kwa nini wasiwawekee sumu. Ana mashine yake ya kuonyesha sinema kwenye shuka jeupe. Jumanne moja alirudi nyumbani akaacha chakula. Vero kuacha ugali na maziwa ya mgando! Nikajua kuna jambo.

Akaniambia huko Piyaya, mbali, ng'ambo ya Ngorongoro, kuna mama mmoja anaitwa Nasieku, mjane. Simba jike amemlia punda wawili. Huyo mama amepata sumu, anataka kumpaka mbuzi aliyechinjwa na kumwacha korongoni simba aje ale.

"Sumu haichagui, Ama," akaniambia. Mnajua sisi Wairaqw bibi tunamwita hivyo. "Simba akifa, fisi atamla, naye afe. Tai wafe, mbwa wa boma wafe. Mwaka jana sehemu nyingine nimeokota tai wanayumba kama walevi, wanafia mikononi. Na korongo hilo ndilo watu wanateka maji."

"Ulimwambia hayo?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Wewe ni mtoto. Neno kama hili haliletwi na mtoto. Niletee mkubwa wa kwenu tuzungumze. Nitamngoja mpaka Jumamosi jua likizama.'"

Akanitazama. Mkubwa wa kwao ni nani tena kama si mimi?

Niseme kweli. Simba mimi sijawahi kumpenda, na tembo ndiyo kabisa, maana mahindi yangu ya mwaka juzi waliyala wao. Nilikwenda kwa ajili ya Vero. Alhamisi alfajiri nilikuwa nimejifunga kanga mbili na sweta, na kapu mkononi. Ndani ya kapu kuna jogoo wangu mwekundu, yule aliyekuwa anawatisha watoto wa Mama Sulle. Huendi kuomba neno kwa mtu mzima mikono mitupu.

Karatu mpaka getini

Konda wa basi la Wasso anaitwa Maiko, kijana wa Mbulu, mcheshi. Aliliona kapu likitikisika.

"Bibi, huyo naye ana nauli?"

"Huyo ni mjumbe. Wajumbe hawalipi."

"Akiwika ndani ya basi langu namteremsha."

Akawika, bila shaka, hapo hapo, na basi zima likacheka. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Maiko, mteremshe tuone!" Maiko akaenda kujificha mlangoni.

Getini askari akapanda kukagua. Jina lake Petro, na mama yake nilimjua, tuliuza vitunguu pamoja. Naye akasimama mbele ya kapu.

"Shikamoo bibi. Huyu jogoo ni mtalii au mkazi?"

"Marahaba. Mama yako hajambo? Huyu ni mpita njia."

"Hajambo. Basi asishuke njiani, bibi. Porini humu kuku si kwao." Akaligonga basi ubavuni, tukapanda mlima.

Tangu niolewe naishi karibu na mlima ule, na sikuwahi kuupanda mpaka juu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuutazama, mimi nautazama kutoka shambani. Nikajiambia leo nitaliona lile shimo kubwa lenye wanyama. Tulipofika juu, Vero akanigusa bega: "Ama, ni hapa! Tazama!" Nikatazama. Ukungu mtupu, mweupe kama maziwa, hata kioo cha basi sikioni vizuri. Magari ya watalii yamepangana, wazungu wamesimama kwenye baridi wakiupiga picha ukungu. Nikawaonea huruma. Mimi angalau nilikuwa na safari nyingine.

Malanja, basi limelala

Tukaanza kuteremka upande wa pili, ukungu ukabaki nyuma, na chini yetu uwanda mkubwa wa majani ya kijani. Ng'ombe wanakula hapa, pundamilia wanakula pale, wala hawasukumani. Nikasahau baridi. Ndipo basi likapiga kishindo chini, likakohoa, likakaa.

Dereva aliingia chini akatoka na uso mweusi kwa grisi. "Springi," akasema. Ingekuwa hapa kwetu mngesema fundi yuko jirani. Pale fundi yuko Karatu.

Tulikaa. Abiria wakatoa walichonacho. Mimi nilikuwa na makande kwenye bakuli, mama mmoja aitwaye Paulina akatoa viazi vitamu, Maiko akaleta maji ya kunywa. Tukala barabarani, na twiga mmoja akaja karibu kututazama tunavyotafuna. Vero peke yake hakula. Alikuwa akitazama jua.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Keshokutwa ndiyo Jumamosi."

"Kula kiazi. Jua halishuki haraka kwa sababu hujala."

Akala, lakini kwa kunitii tu. Usiku ule tulilala ndani ya basi, kila mtu na blanketi lake, na jogoo akaniamsha kabla ya wote.

Lori la Idrisa

Asubuhi likatokea lori la bluu lenye turubai. Dereva akateremka, kofia nyeupe kichwani, akanisalimu mimi kwanza kwa kuwa ndiye mzee. Ni Idrisa, mfanyabiashara wa pale Karatu mjini, asili yake Kondoa, anayepeleka mashuka na viatu kwenye masoko ya Wamasai. Duka lake mnalijua, lile lenye ngazi ya kijani.

"Mama yangu, kiti cha mbele ni chako. Mtoto atakaa katikati. Na huyo anayewika?"

"Ni zawadi."

"Basi tumheshimu," akasema, akamwekea mahindi kidogo.

Kwenye chupa yake kulikuwa na chai ya tangawizi, na visheti kwenye kopo, mkewe Mwanaidi amevipika. Sijala visheti vitamu kama vile. Uwanda ulikuwa mpana kiasi kwamba ukitazama mbele unaona mvua ya watu wengine. Adhuhuri Idrisa akasimamisha lori, akatandika mkeka wake kwenye majani aswali. Vero alikuwa anaminya vidole vyake mpaka vinalia. Nikamshika mkono. Mimi nami nikafumba macho pale kitini nikasali Baba Yetu, maana aliyetuokota njiani anaposali, wewe utakaaje bure? Nilipofumbua macho nyumbu walikuwa wamelizunguka lori pande zote, na Idrisa anakunja mkeka katikati yao kama mtu aliye sebuleni kwake.

Njiani akauliza tunakoenda, Vero akamweleza yote. Idrisa akatikisa kichwa.

"Nasieku namjua. Ananunua kwangu shuka la bluu, halafu anapunguza bei mpaka najuta kuzaliwa. Akisema neno, amesema."

Piyaya

Tulifika mchana umeanza kulegea. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuja mbio kulipokea lori, kisha wakasimama ghafla, wakarudi mbio vilevile. Wanawake wakaingia ndani ya nyumba. Nikashangaa.

"Ni fulana yangu," Vero akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa amevaa fulana ya kazini, yenye picha ya simba kifuani. "Huku mtu akija na habari za wanyama, watu wanadhani kaja na habari za ardhi. Wanaogopa kuhamishwa."

Siwalaumu. Mimi nikisikia mtu anapima shamba langu nitaingia ndani pia, na nitatoka na jembe. Nikamwambia Vero aigeuze fulana nje ndani. Akageuza nyuma ya lori, akatoka na simba amelala tumboni kwake.

Akatujia mwanamume mrefu, mtoto wa Nasieku, Lemayian. Mtu mzima mwenye mke, lakini aliponiona mzee akaniinamishia kichwa nikakigusa, ndivyo heshima ya kwao. Vero alikuwa amenifundisha salamu njiani.

"Takwenya," nikamwambia, akacheka sana, kwa sababu hiyo ni ya wanawake. Lakini mkewe, aliyesimama nyuma yake, akaipokea: "Iko!" Basi nyumba zikafunguka, watu wakatoka.

Wakatupa maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa moto wa mti, yana harufu ya moshi, mazito. Nikanywa yote. Kisha nikauliza mama yuko wapi.

"Yeyo hayupo," akasema Lemayian. Yeyo ni mama. "Dada yangu Namunyak amejifungua Wasso. Amekwenda kumwona mtoto."

"Anarudi lini?"

"Kesho, akipata gari. Asipopata, alisema nisimngoje. Jua likizama nifanye mwenyewe." Akaonyesha kwa kidole. Kando ya zizi kulikuwa na mbuzi mweupe amefungwa peke yake.

Vero akaanza: "Kaka Lemayian, huwezi kumngoja hata siku moja…"

"Dada, punda walikuwa wake. Siyo wangu." Hakusema kwa ubaya. Mnaelewa, kwao ng'ombe ni sifa ya mwanamume, lakini punda ni wa mwanamke. Ndiye anayemtekea maji, ndiye anayembebea mahindi kutoka sokoni. Mwanamke asiye na punda, mgongo wake ndio punda. "Neno lake siwezi kulivunja. Mlete yeye alivunje."

"Tumpigie simu."

"Simu yake imevunjika kioo, ile pale. Yangu inashika mtandao ukipanda kile kilima, na mimi nina ng'ombe wa kuwarudisha."

Idrisa alikuwa amesimama anasikiliza. Akasema tu, "Pandeni."

Soitsambu mpaka Wasso

Idrisa alikuwa na mzigo wa kushusha Soitsambu kwanza, na barabara ile inapita huko wanyama wanakopita wenyewe, ina mashimo kama meno ya mzee. Mara tukakwama kwenye tope la kijito. Vijana wa Soitsambu, mmoja wao anaitwa Saningo, walisukuma, wakaimba, wakasukuma, na lori lilipotoka likawapaka tope wote, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulilala pale kwa mama mmoja mwenye mgahawa, akatupa wali maharage na nyama ya mbuzi. Jumamosi asubuhi tukaingia Wasso.

Tulimkuta nje ya wodi ya wazazi, kwenye benchi. Mama mwembamba, shanga shingoni, kichwa kimenyolewa kinang'aa, ameshika kichanga ndani ya shuka. Vero akasimama mbali. Mimi nikaenda, nikamsalimu kwa Kimaa changu cha njiani, akaitika. Nikauliza jina la mtoto. Akasema hana jina bado, kwao halitolewi haraka. Mimi nikikosa jina nakosa pa kushika.

Basi nikaona nianze na zawadi. Nikamtoa jogoo kapuni, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akarudi nyuma na mtoto wake. "Hiki nini?"

"Jogoo, mama. Zawadi yako."

"Mimi? Nile ndege?" Uso ukafunga kabisa. "Simba anakula punda wangu wawili, na ninyi mnaniletea ndege?"

Jamani. Kwetu hapa jogoo ni heshima. Mkwe anachinjiwa, padre anachinjiwa. Kumbe wazee wao hawagusi kuku, kwao ni kama umletee mtu kunguru. Vero alijua, lakini alidhani jogoo nampelekea Lemayian auze. Nikabaki nimemning'iniza jogoo, naye anapiga mabawa, wauguzi wanatuchungulia dirishani.

Mlangoni pa wodi kikatoka kicheko. Ni Namunyak, yule mzazi, amejishika tumbo. "Yeyo, acha basi, nitaumia mshono! Mimi hapa mjini nawala kila wiki."

Nasieku akageuka. "Unakula ndege?"

"Na mayai yake."

"Mayai!" Akamtazama binti, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumcheza. Akakaa benchini akacheka, machozi yakamtoka, na mimi nikakaa nikacheka pia, jogoo kati yetu. Namunyak akamchukua, akasema atabaki nyumbani kwake kuwaamsha.

Tulipomaliza kucheka alifuta machozi. Akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Najua umekuja kwa sababu ya simba."

"Nimekuja kukupa pole ya punda," nikasema. Na ilikuwa kweli; niliondoka nyumbani na neno hilo mdomoni, sikujua lingine. Mtu amefiwa na mifugo, unaanzia wapi zaidi ya pole? "Walikuwa wanaitwa nani?"

Mtoto akalia, akamtikisa. "Mmoja Narok, mweusi. Mwingine Naibor, mweupe. Naibor alikuwa mjeuri. Alikuwa anarudi na maji peke yake, simwongozi." Akafuta pua kwa ncha ya shuka. "Wote wanaokuja wanaulizia simba. Simba ana afya? Simba ana watoto? Ana watoto, ndiyo, nimeona matiti yake yamejaa. Mimi mgongo wangu hakuna anayeuulizia."

Vero akasogea, akapiga magoti mbele yake. "Yeyo, nisamehe. Mimi nilikuwa mmoja wao."

"Ndiyo, ulikuwa," Nasieku akamjibu. Wala hakumwambia ainuke.

Akaniuliza mimi, "Wewe una punda?"

"Ninaye mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Sikudhani."

Akamrekebisha mtoto, akatazama uani kama mtu anayengoja gari. Nami nikaelewa kwa nini aliagiza mkubwa. Mtoto anaweza kuleta maneno, lakini hana zizi. Hakuomba. Mtu mwenye adabu haombi mnyama wa mwenzake.

Punda wangu Sikudhani mnamjua. Ndiye anayenishushia mahindi kutoka juu, shambani kwa Akonaay, ndiye anayenipandishia maji tangu goti langu liharibike. Nilifikiria goti. Nilifikiria mkwe wangu Elizabeti atasema nini. Nikamtazama Vero, amepiga magoti kwenye saruji, ananitikisia kichwa: usifanye, Ama. Amelia kwa tai, amelia kwa simba, sasa anataka kulia kwa ajili ya punda wangu.

Nikasema, "Ni mkaidi kidogo asubuhi. Lakini akishakuzoea atarudi peke yake kama Naibor."

Nasieku akafumba macho. Kisha akanitemea mate kidogo kwenye kiganja, hiyo ni baraka kwao, msishangae, na akaniita, "Pasikiria."

Namunyak akanieleza. Kwao mkipeana mnyama, majina yenu mnayaweka kando, mnaanza kuitana kwa mnyama yule mliyepeana. Osikiria ni punda. Basi tangu siku ile mimi ni Pasikiria wake na yeye ni wangu. "Ungekuja na ng'ombe," akaniambia, "lingekuwa jina kubwa zaidi. Lakini afadhali punda kuliko ndege."

Hapo hapo akasimama, akampa Namunyak mtoto. "Twende. Lemayian hanisubiri."

Mbio za kurudi

Idrisa alikuwa ameshatandaza mashuka yake sokoni. Vero akaenda kumwita, sijui alimwambia nini, nilimwona Idrisa anamkabidhi jirani yake, Bi Zainabu, mzigo wote. "Shuka haziozi," akatuambia, akawasha lori. Safari hii tukachukua njia fupi, ile ya mawe.

Nasieku alikaa dirishani. Vero alikuwa anapiga simu ya Lemayian, haipatikani, anapiga tena. Tukasimamishwa na ng'ombe wanaovuka, kundi refu, na mchungaji anataka kujua habari za Wasso kwanza, nani amezaa, mvua imenyesha wapi. Kwa heshima huwezi kumpita. Nasieku alimjibu yote, neno kwa neno, huku mguu wake unagonga sakafu ya lori. Nilipoona mguu ule ndipo nikajua kwamba naye sasa anaogopa.

Jua lilikuwa limeshuka linagusa majani tulipoliona boma. Mbuzi mweupe hakuwa pale kando ya zizi. Nasieku alifungua mlango lori halijasimama vizuri, akapiga sauti ambayo sikudhani inatoka kwenye mwili mwembamba vile: "Lemayian!"

Alikuwa mbali, njiani kuelekea korongoni, mbuzi aliyechinjwa begani. Akasimama. Mama yake akamwendea kwa miguu, shuka linapepea, Vero nyuma yake, mimi na goti langu nyuma ya wote. Nilipofika mbuzi alikuwa ameshateremshwa chini.

"Sumu?" Vero anauliza. "Umempaka?"

"Bado. Alisema jua likizama." Lemayian akaonyesha upande wa magharibi, ambako bado kulikuwa na ukucha mwekundu. "Halijazama. Chupa iko nyumbani, sijaigusa."

Nasieku akaingia nyumbani kwake mwenyewe, akatoka na chupa iliyofungwa kwenye kitambaa, kifuniko bado kimefungwa kwa uzi. Akampa Vero. Vero akaipokea kwa mikono miwili kama mnavyopokea sakramenti, akaizungushia mifuko, akaiweka ndani ya sanduku la mashine yake ya sinema ili akamkabidhi mtaalamu wa mifugo. Mbuzi tulimla sisi. Idrisa alihakikishiwa na Lemayian kwamba aliyemchinja ni Juma, muuza sukari wa pale, Mwislamu mwenzake, ndipo akala, na alikula vizuri.

Korongoni

Jumapili asubuhi nikamwambia Nasieku twende wote majini. Kanisa lilikuwa mbali, nikaona nitasali kwa dumu. Lemayian akatusindikiza na mkuki wake. Nasieku alibeba dumu kubwa mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, mimi nikapewa la mtoto, na bado goti lilinilaani.

Tulipoteremka tukamkuta ng'ambo ya pili ya maji. Simba jike. Amelala chini kama ng'ombe, kichwa juu, anatutazama. Lemayian akainua mkono, tukasimama. Hakuna aliyekimbia, hata mimi sikukimbia, kwa kuwa miguu ilikataa. Nilikuwa nimezoea kumwona kwenye shuka la sinema la Vero. Sikujua kwamba wana macho ya rangi ya asali. Na matiti yamejaa kweli, ananyonyesha.

Nasieku akamwambia jambo kwa Kimaa, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia jirani ambaye mmegombana. Simba akainuka taratibu, akatupa mgongo, akaingia vichakani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia huyu bibi amekulipia. Lakini ni mara moja."

Mchana wanawake wa pale walikuja, wengi kuliko Vero alivyowahi kuwapata. Hawakuja kwa ajili ya sinema, walitaka kumwona bibi wa Karatu aliyempa mwenzake punda na ndege. Wakanicheka vya kutosha. Walipotulia Vero akazungumza nao, safari hii akaanza na punda: kwamba ng'ombe na mbuzi wanalala ndani ya miiba, punda wanaachwa nje, na simba hajakosa kuliona hilo. Mmoja akasema, "Wanaume watasema punda hana hadhi ya kulala na ng'ombe." Nasieku akamjibu, "Waambie wabebe maji wao, kisha tuzungumze hadhi." Jioni ileile wakaanza kukata miiba.

Karatu

Kurudi kulikuwa rahisi, Idrisa alitufikisha mpaka mlangoni. Pale juu ya mlima ukungu ulikuwepo tena, mzito vilevile, kwa hiyo msiniulize shimo linafananaje.

Elizabeti alisikiliza yote amesimama. "Mama, umemtoa punda kwa ajili ya simba?"

"Nimempa Nasieku."

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu Idrisa alikuja na lori, na Elizabeti ndiye aliyemwosha Sikudhani, akamfunga kamba mpya, akamsukuma kwa bega kupanda, maana mkaidi yule aliwashinda wanaume watatu. Lori lilipoondoka aliingia ndani kupika. Tangu hapo maji tunateka kwa toroli, yeye anasukuma, mimi nashika dumu lisianguke.

Jana jioni simu ya Vero iliita. Nikasikia upepo, nikajua kuna mtu amepanda kilima.

"Pasikiria!"

"Pasikiria! Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Huyu punda wako ni mbaya. Amemng'ata Lemayian. Jioni hataki kuingia ndani, mpaka nimbembeleze kama bibi harusi."

"Anabeba?"

"Anabeba. Leo amerudi na maji peke yake."

Upepo ukavuma kati yetu. Vero alikuwa amesogeza sikio lake karibu na langu, hapumui.

"Na yule?" nikauliza.

"Yupo," akasema Nasieku. "Tumefunga zizi mapema."